Usione Haya Kusema Unasikia Baridi: Ushauri kwa Wanaokwenda Kuwinda Kulungu Porini



Kwa sisi tunaoishi Pennsylvania, mwezi wa Novemba una mambo yake. Ukiingia kazini wiki ya Thanksgiving, utakuta mazungumzo ni yale yale: kulungu. Nani kaona dume lenye pembe kubwa nyuma ya nyumba yake, nani kanunua buti mpya, nani kaomba ruhusa. Kwa miaka mingi msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki katika jimbo hili ulikuwa unaanza Jumatatu baada ya Thanksgiving. Tangu mwaka 2019 unaanza Jumamosi yake. Wakati huo supavaiza hana haja ya kuuliza watu wamekwenda wapi, maana anajua.

Siku hizi na ndugu zetu wengi wameanza kualikwa na wafanyakazi wenzao. Na kwa kweli mwaliko huo una mvuto. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba, bima ya gari, na bado anatuma pesa nyumbani, friza iliyojaa nyama si jambo dogo. Halafu kuna hewa safi na mazoezi ya miguu, mambo ambayo sisi wabeba boksi tunayakosa miezi mingi ya mwaka.

Kwa hiyo siandiki makala hii kumkataza mtu. Naandika kwa sababu safari yangu ya kwanza nusura iwe ya mwisho, na aliyetaka kuniua hakuwa dubu wala bunduki. Ilikuwa ni fulana ya pamba iliyolowa, na mdomo wangu uliokataa kusema maneno mawili: nasikia baridi.

YALIYONIKUTA

Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni Mmarekani mtu mzima tuliyekuwa naye shifti moja kiwandani hapa Erie, amewinda tangu utotoni. Sisi tulimpa jina la Mzee, na alipoelezwa maana yake akalipenda. Wa pili ni ndugu mmoja kutoka Fizi, Kongo. Wa tatu ni mimi, mtu wa Tanga. Mimi na huyu ndugu tulikuwa tumeshamaliza kozi ya usalama ambayo mwindaji mpya wa jimbo hili lazima aifaulu kabla ya kununua leseni, kwa hiyo mambo ya bunduki tulifundishwa vizuri. Somo la baridi pia lilikuwemo. Mimi nililisikia kwa sikio moja.

Mzee alituchagulia Hickory Creek. Hili ni eneo la pori lenye ekari zaidi ya 8,600 ndani ya msitu wa taifa wa Allegheny, kaskazini magharibi ya jimbo. Sheria iliyolitenga ni ya mwaka 1984. Gari haliingii, baiskeli haiingii, hata kitoroli cha kubebea mnyama hakiruhusiwi. Unaingia kwa miguu na mzigo mgongoni, na ukipata kulungu unatoka naye kwa nguvu zako.

Wiki mbili kabla, Mzee alitupa orodha ya vitu. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: PAMBA HAPANA. Nilikwenda dukani, nikaangalia bei ya fulana moja ya sufu, nikairudisha. Nilijiambia nimefanya kazi miaka miwili kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, baridi gani tena nisiyoijua? Nikavaa suruali ya jinzi, fulana mbili za pamba, sweta na jaketi.

Ijumaa mchana tulitembea karibu maili tatu kuingia ndani. Mzigo ulikuwa mzito na njia inapanda na kushuka. Nilitoka jasho hadi fulana zikashikana na mgongo. Jioni ikaanza mvua nyepesi, ile ya manyunyu ambayo haimtishi mtu. Tulipopiga hema nilikuwa nimelowa ndani na nje. Mzee aliuliza, "Mko sawa?" Nikajibu, "Sawa kabisa." Mtu ana miaka karibu sabini, anakata kuni na kuimba peke yake, mimi kijana nianze kulia baridi? Nikaingia kwenye mfuko wa kulalia na zile zile fulana mbichi.

Usiku ule sikulala. Saa kumi na moja alfajiri tukanywa kahawa, chakula kikanishinda, tukatawanyika kila mmoja kwenye mti wake kabla jua halijachomoza. Kuwinda kulungu ni kukaa kimya. Hutembei, huchezi, hukohoi. Kwa hiyo lile joto la kutembea halipo tena.

Saa ya kwanza nilitetemeka sana. Saa ya pili nilijaribu kufungua chupa ya chai, vidole vikakataa. Nikaiweka chini na kusema nitakunywa baadaye. Kisha nikaona nafuu. Kutetemeka kuliisha, mwili ukawa mzito, nikahisi usingizi mzuri kama wa mtu aliyekunywa uji akajifunika shuka. Nilidhani nimeshaizoea baridi.

Nilivyokutwa nimesimuliwa tu. Yule ndugu wa Fizi alitoka kwenye mti wake, akanifuata, akaniita. Nilimjibu maneno yasiyoeleweka. Akaniuliza, "Kaka, uko unasema nini?" Nilikuwa namjibu kwa Kidigo, lugha ya bibi yangu, ambayo sijaizungumza tangu bibi mwenyewe afariki. Akapuliza filimbi mara tatu, Mzee akaja.

Jambo la kwanza Mzee alilofanya ni kuichukua bunduki yangu na kutoa risasi zote. Hiyo ni busara ya kukumbuka, maana mtu aliyechanganyikiwa hafai kuwa na silaha mkononi. Kisha walinivua nguo zote mbichi, wakanivisha kavu zao, wakaniingiza kwenye mifuko miwili ya kulalia, wakachemsha maji na kuyatia kwenye chupa wakazifunga soksi, moja kila kwapa na moja kati ya mapaja. Nilipoweza kushika kikombe mwenyewe wakaninywesha chai yenye sukari nyingi. Ilichukua zaidi ya saa mbili mimi kuwa mtu tena.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu: "Ungesema jana jioni, tungekausha nguo zako kwenye moto na tungelala wote."

MWILI KUPOA KUPITA KIASI NI NINI?

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37 za Selsiasi, yaani 98.6 za Farenhaiti. Likishuka chini ya nyuzi 35 (95 za Farenhaiti), hiyo ni hali ya hatari ambayo madaktari wanaiita haipothemia. Wengi wetu tunadhani inampata mtu aliyefukiwa na theluji tu. Sivyo. Inaweza kumpata mtu hata hali ya hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi, kama amelowa, kuna upepo, amechoka na hajala. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa sana kuliko hewa kavu, na jasho nalo ni maji.

Dalili za mwanzo:
- Kutetemeka bila kujizuia
- Vidole kukosa nguvu: kushindwa kufunga zipu, kufungua chupa, kuwasha kiberiti
- Kujikwaa na kupepesuka
- Ulimi kuwa mzito, maneno kukatika
- Ukali au ukimya usio wa kawaida wa mtu huyo

Dalili za hatari zaidi:
- Kutetemeka KUNAKOMA ilhali mtu bado yuko kwenye baridi
- Usingizi mzito
- Kuchanganyikiwa, kusema maneno yasiyoeleweka
- Wengine huanza kuvua nguo wakidhani wanasikia joto

Ubaya wa hali hii ni kwamba inashika ubongo mapema. Mgonjwa ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Kwa hiyo usisubiri mwenzako akwambie. Muulize swali linalohitaji kufikiri: leo siku gani, watoto wako wana umri gani, hesabu kutoka ishirini kurudi nyuma. Akikosea, msitishe safari hapo hapo.

Namna ya kumsaidia:
1. Mtoe kwenye upepo na mvua. Mtandikie kitu chini, kwani ardhi baridi hunyonya joto.
2. Mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mfunike na kichwa pia.
3. Pasha joto kiwiliwili kwanza: kifua, shingo, makwapa, kati ya mapaja. Usianze na mikono na miguu.
4. Akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari.
5. USIMSUGUE mikono wala miguu, na usimtingishe ovyo. Moyo uliopoa unaweza kupoteza mapigo yake kwa mshtuko mdogo tu.
6. USIMPE POMBE. Pombe humfanya ajisikie joto kwa sababu inapeleka damu kwenye ngozi, na huko ndiko joto linakopotelea.
7. Akiwa amechanganyikiwa au amepoteza fahamu, piga 911. Kama hakuna mtandao, mmoja abaki naye na mwingine aende kutafuta msaada.

NGUO NI DAWA

Pamba ni nzuri Dar na Mombasa kwa sababu inashika jasho na kutupoza. Porini Novemba, sifa hiyo hiyo ndiyo inayoua. Vaa tabaka tatu: ya ndani iwe ya sufu au poliesta, ya kati iwe ya kuhifadhi joto, ya nje iwe ya kuzuia upepo na mvua. Unapotembea na mzigo, vua tabaka moja kabla hujaanza kutoka jasho. Ukifika pa kukaa, vaa tena kabla hujaanza kusikia baridi. Beba fulana kavu na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na hizo ziwe za kulalia tu.

Kama bei inakutisha kama ilivyonitisha mimi, nenda kwenye maduka ya mitumba. Sweta za sufu zipo kwa dola chache.

KABLA HUJAONDOKA: PRESHA, SUKARI NA MOYO

Madaktari wa sehemu hizi wanaujua msimu wa kulungu. Mtu anayekaa kwenye kiti mwaka mzima, siku moja anaamka usiku, anapanda mlima kwenye baridi, anaona mnyama moyo unamdunda, kisha anamburuta. Dume aliyekomaa huku huwa na wastani wa paundi 140 akiwa hai. Hata ukishamtoa matumbo, huo ni mzigo. Baridi peke yake hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Ukichanganya yote hayo, moyo wenye tatizo utasema.

- Kama una presha, kisukari, au umri umepita miaka 40 na hufanyi mazoezi, muone daktari kabla ya msimu. Mwambie wazi unakwenda kufanya nini.
- Anza kutembea wiki sita kabla, ukiongeza mwendo na mzigo kidogo kidogo.
- Usiache dawa zako nyumbani kwa kuwa ni siku mbili tu.
- Insulini isigande. Iweke ndani ya nguo karibu na mwili, sio kwenye begi. Ikiganda itupe, hata kama imeyeyuka tena. Mashine ya kupimia sukari nayo huweza kukataa kufanya kazi au kutoa majibu ya uongo kwenye baridi kali. Beba peremende au juisi.
- Mwenye ugonjwa wa selimundu ajue kwamba baridi, uchovu na upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali. Safari ya namna hii si ya kwenda bila idhini ya daktari wake.
- Burutaneni kwa zamu. Maumivu ya kifua, taya au mkono, pumzi kukatika, jasho la baridi: acha mnyama, kaa chini, ita msaada.
- Maji ya kijito, hata yawe meupe kiasi gani, yachemshe yatokote dakika 1 nzima. Vijidudu vya kuharisha vipo hata penye maji ya kung'aa.

MILIO YA ALFAJIRI

Sasa nirudi kwa yule ndugu wa Fizi, maana sijaeleza kwa nini aliuacha mti wake.

Siku ya kwanza ya msimu, jua linapokaribia kuchomoza, milio inaanza. Mmoja mbali, mwingine bonde la pili, halafu mitatu kwa pamoja. Kwa Mzee ule ni mlio wa sikukuu. Kwa mtu aliyekimbia vita akiwa na miaka kumi na moja, ni mlio mwingine kabisa. Alitusimulia usiku, moto ukiwa umebaki makaa. Alisema milio ilipoanza alijikuta amelala chini nyuma ya gogo, mikono kichwani, hajui amefikaje hapo. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposhindwa kabisa kuwa peke yake, ndipo akanifuata mimi. Kama asingeogopa, asingenikuta.

Kwenye kozi alikuwa amelenga shabaha vizuri kuliko sisi wote, na hakuna aliyemuuliza kitu. Naye hakusema. Alikuwa na haya kama mimi.

Ndugu zangu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko: kushtushwa na milio si woga wala si udhaifu. Ni jeraha, na lina matibabu. Kama unaota ndoto mbaya, unakosa usingizi, unaruka mlango ukibamizwa, zungumza na daktari wako au shirika lililokupokea likuelekeze kwa mshauri. Una haki ya kuomba mkalimani hospitalini, na hulipi. Na kama umealikwa kuwinda na moyo hautaki, sema hapana. Rafiki wa kweli ataelewa. Hata wasiowinda wanaoishi karibu na misitu wajiandae, na wawaandae watoto: wiki hizo milio itasikika.

USALAMA NA SHERIA KWA UFUPI

- Msimu huo mwindaji wa Pennsylvania anatakiwa kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa, isiyopungua inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote. Hata kama unatembea tu bila bunduki, ivae.
- Wanaokaa juu ya jukwaa la mtini wajifunge mkanda wa mwili mzima tangu miguu inapoacha ardhi. Kuanguka mtini kunawaumiza wawindaji wengi.
- Jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kila mtu awe na tochi ya kichwani, filimbi, dira na kiberiti. Simu hufa haraka kwenye baridi, na sehemu kubwa ya msitu haina mtandao.
- Mwachie mtu wa nyumbani karatasi: tunaingilia wapi, gari liko wapi, tunarudi lini, na saa ngapi aanze kupiga simu.
- Hali yako ya uhamiaji ina uzito. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kushika bunduki, isipokuwa kwa masharti maalum, mojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa, hata iwe ya kuazima.

KUPE: MDOGO KAMA MBEGU YA MCHICHA

Kupe tunaowajua sisi ni wale wa ng'ombe, unamwona kwa mbali. Kupe wa kulungu wa huku, akiwa mchanga, ni kama mbegu ya mchicha. Akikomaa ni kama punje ya ufuta. Huyu hubeba ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji mmoja wa Connecticut ulikochunguzwa miaka ya 1970. Pennsylvania ni miongoni mwa majimbo yenye wagonjwa wengi. Na msidhani Novemba wameondoka: kupe waliokomaa huzunguka siku yoyote isiyo ya kuganda, na mzoga wa kulungu unaoubeba unao.

Ukirudi kambini na ukirudi nyumbani, jikague: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kitovuni, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimkuta amenasa, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimchome na kiberiti, usimpake mafuta ya taa wala vaselini. Kwa kawaida anahitaji kunasa zaidi ya saa 24 ndipo aambukize Lyme, kwa hiyo kumtoa mapema ni kinga tosha kwa wengi. Nguo zinaweza kupuliziwa dawa ya permethrini siku moja kabla na kuachwa zikauke. Dawa hiyo ni ya nguo tu, si ya ngozi.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 30: homa, kichwa, uchovu, maumivu ya viungo, na kwa wengi doa linalotanuka taratibu. Hapa sisi weusi tuwe macho. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu doa hilo linaweza kuonekana kama jeraha la kugongwa, jeusi au la zambarau, na daktari asiyezoea akalipita. Mwonyeshe na umwambie: nilikuwa porini, kupe wapo.

Na tabia yetu ya kusema "hii ni malaria tu" kisha kumeza vidonge vilivyoletwa na shemeji kutoka nyumbani, tuiache. Lyme ikiwahiwa inatibika vizuri kwa antibaiotiki. Ikiachwa inaweza kuvimbisha magoti, kupoozesha upande mmoja wa uso na kuvuruga mapigo ya moyo. Lakini kama ulitoka Afrika hivi karibuni, mwambie daktari na hilo pia ili akupime malaria siku hiyo hiyo.

NYAMA: SUPU YA KICHWA TUIACHE

Hili litawauma wengi. Kuna ugonjwa wa kulungu unaofupishwa CWD, unaokula ubongo wao taratibu mpaka wanakonda na kufa. Ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, na Pennsylvania ukagunduliwa mwaka 2012. Unasababishwa na protini iliyoharibika iitwayo prioni, na kupika hakuiui, hata uchemshe kutwa. Mpaka sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata, lakini wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri tusile mnyama aliyepatikana nao.

Prioni hukusanyika hasa kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu na matezi. Kwa hiyo kichwa, ambacho kwa mbuzi ndiyo supu yenyewe, kwa kulungu usikiguse. Usipasue uti wa mgongo kwa msumeno. Vaa glavu unapochuna. Usipige mnyama aliyekonda au anayepepesuka. Maeneo yenye ugonjwa hutangazwa kila mwaka na Pennsylvania Game Commission, na huko kuna masanduku ya kuacha kichwa kipimwe bure. Subiri majibu ndipo ule.

Jambo la pili ni risasi. Kiswahili chetu kimeshatuonya: kinachotoka kwenye bunduki na yale madini yenye sumu vina jina moja. Risasi ikigonga mfupa hupasuka vipande vidogo visivyoonekana na kusambaa mbali na tundu. Kata na utupe nyama nyingi kuzunguka jeraha, au tumia risasi za shaba. Watoto na mama wajawazito ndio wa kulindwa zaidi.

Nyama ipoe haraka baada ya kuchunwa, iwe chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti. Ya kusaga ipikwe hadi nyuzi 160 ndani. Mjamzito asile mishkaki yenye wekundu.

MWISHO

Mwaka uliofuata nilirudi Hickory Creek. Nilikuwa na fulana ya sufu ya mtumba, dola nne. Usiku wa kwanza upepo ulipoanza nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mzee, miguu yangu inasikia baridi." Akanirushia soksi zake nene na kuendelea kukoroga maharage. Hakuna aliyecheka. Siku ya pili nikapata jike, tukamburuta kwa zamu, tukala majira ya baridi yote.

Ndugu wa Fizi hakuja. Alimwambia Mzee ukweli, na Mzee akampeleka msitu ule ule mwezi Juni, pakiwa kimya, wakatembea na kuvua samaki. Sasa kila Juni wanakwenda, naye ndiye anayepanga njia.

Ukialikwa, nenda. Lakini kabla hujafunga begi, mwambie mwenyeji wako ukweli kuhusu mwili wako: dawa unazokunywa, baridi usiyoizoea, milio usiyoitaka. Na ukiwa huko, ukianza kutetemeka, sema papo hapo.

Ushauri huu ni wa kuelimishana na hauchukui nafasi ya daktari wako. Afya njema, na safari njema.